Heri ya Kwanzaa, na kumbukumbu ya Shirley Chisholm

Heri ya Kwanzaa, ndugu na marafiki wa huku Buffalo, na nyinyi wa kule Tanga mnaoniuliza kila mwaka hii ni sikukuu gani.

Ni sikukuu ya Wamarekani Weusi. Maulana Karenga aliianzisha California mwaka 1966, na majina yake yote kayachota kwenye lugha yetu. Siku saba, Desemba 26 hadi Januari 1, kila siku mshumaa mmoja zaidi kwenye kinara. Ukisalimiwa "Habari gani?" hutakiwi kujibu "Nzuri", bali unataja msingi wa siku hiyo: Umoja, Kujichagulia, Ujima... Mwaka wangu wa kwanza nilijibu "Salama, za kwenu?" Meza nzima kimya!

Leo ni Imani, siku ya mwisho. Tarehe kama ya leo, Januari 1, 2005, Shirley Chisholm alifariki akiwa na miaka 80. Kaburi lake liko hapa hapa Buffalo, Forest Lawn. Wengi wanamjua kwa makubwa: mwanamke Mweusi wa kwanza kuchaguliwa kuingia Baraza la Wawakilishi la Marekani, mwaka 1968, kisha akawania urais 1972. Mimi hunivutia zaidi miaka minne iliyotangulia, 1965 hadi 1968, alipokuwa mjumbe wa bunge la jimbo la New York kule Albany.

Alitokea Brooklyn, mwalimu wa watoto wadogo. Mama yake, mhamiaji kutoka Barbados, alikuwa akishona nguo na kufanya kazi za ndani kwenye nyumba za watu. Kazi na malezi vikawashinda wazazi, binti akapelekwa Barbados kulelewa na bibi. Basi alipoingia bungeni alijua aanzie wapi: akapigania watumishi wa ndani walipwe mafao wanapokosa kazi. Alisukuma pia mpango wa SEEK, uliowafungulia vijana wa familia maskini mlango wa chuo kikuu cha jiji la New York.

Suala la watumishi hakuliacha hata alipohamia Washington. Mwaka 1972 George Wallace, gavana wa Alabama aliyejijengea jina kwa kutetea ubaguzi, alipigwa risasi katika kampeni zile zile za urais. Chisholm akaenda hospitali kumjulia hali. Watu wake walimkasirikia sana, na sijui kama mimi ningethubutu. Baadaye, kima cha chini cha mshahara kilipotafutwa kwa wafanyakazi wa ndani, Wallace alimsaidia kupata kura za wabunge wa Kusini. Sheria ikapita mwaka 1974.

Nayawaza haya kwa sababu ya msimu wenyewe. Krismasi, Idi, hata hii ya mishumaa, nyuma yake kuna masufuria na mtu anayeyasugua. Kwetu alikuwa dada aliyetoka Lushoto. Idi yake ilikuwa doti ya kanga na nauli ya kwenda kwao, tena baada ya wageni kuondoka. Habari za mafao hakuna aliyezitaja.

Mchana nitapita Forest Lawn, theluji ikiruhusu. Jioni tunawasha mshumaa wa saba, ule wa kijani. Karibuni nyote, pilau ipo ya kutosha, na vyombo naosha mimi.

Habari gani? Imani!