Msiwaache wauzaji wadogo kisa eTIMS, hiyo invoisi mnaweza kuitoa nyinyi

Mhariri,

Naomba nafasi niseme kitu kuhusu hizi invoisi za eTIMS, ule mfumo wa invoisi za kielektroniki wa KRA, mamlaka ya ushuru ya Kenya, manake huku Mombasa naona mahoteli, mashule na hata makontrakta wakiwaacha wauzaji wao wadogo wa miaka na miaka eti kwa sababu hawana eTIMS, na hao hao wanaowaacha ukiwauliza invoisi ya kielektroniki ni nini hasa wanakufungulia PDF kwa WhatsApp. Mimi kazi yangu ni kuwawekea wafanyabiashara hesabu zao na hili jambo linaniuma kwa sababu watu wanapoteza riziki kwa kitu ambacho sheria ilishakitengenezea njia.

Kwanza tuelewane, PDF si invoisi ya kielektroniki. Picha ya risiti pia siyo, hata iwe na muhuri na sahihi. Invoisi ya kielektroniki ni data iliyopangwa kwa mpangilio maalum, kila kitu na mahali pake, PIN ya muuzaji yaani namba yake ya ushuru, PIN ya mnunuzi, tarehe na saa, kitu kilichouzwa, ni ngapi, bei yake na ushuru wake, na hiyo data yote inaenda KRA ndipo invoisi inapata namba zake na ule msimbo wa QR. Ile karatasi unayopewa ni ya macho yako tu, invoisi yenyewe iko kwa mfumo. Ndo maana nawaambia watu chukua simu skani hiyo QR kabla hujalipa, ikikufungulia ukurasa wa KRA wenye PIN yako na pesa zile zile ulizoandikiwa basi uko sawa, isipofungua hapo una karatasi. Na si sisi peke yetu, Ujerumani tangu 1 Januari 2025 kampuni zinatakiwa ziweze kupokea invoisi za data kutoka kwa kampuni zingine za huko kwao, na PDF ya kawaida haihesabiwi. Majirani zetu pia hawakukaa, Tanzania walianza na mashine zao za risiti za EFD mwaka wa 2010, Rwanda wakaja na EBM 2013, Uganda EFRIS 2021.

Sasa kwa nini wanunuzi wakubwa wanaogopa? Wana sababu, siwezi kusema hawana. Sheria ya Fedha ya 2023 ilisema kuanzia 1 Januari 2024 gharama ya biashara isiyo na invoisi ya eTIMS haikubaliwi ukipiga hesabu ya ushuru wa mapato. Chukua hoteli iliyonunua bidhaa za shilingi 50,000 ikaongezwa VAT, ushuru wa ongezeko la thamani, ya asilimia 16 ikawa 58,000. Bila invoisi halali zile 8,000 za VAT hawezi kudai, na ile 50,000 ikikataliwa kama gharama basi inahesabiwa kama faida, kampuni inalipa asilimia 30 yake, 15,000. Jumla imepoteza 23,000 kwa ununuzi mmoja wa 58,000. Na KRA ilishatangaza kwamba kuanzia Januari 2026 ritani za ushuru wa mapato zinalinganishwa na invoisi zilizoko kwa mfumo, kwa hivyo ule mchezo wa kujaza gharama kwa kukisia umeisha. Hapo namwelewa maneja.

Lakini kuna kitu maneja wengi hawajasoma. Tangu Desemba 2024 sheria za ushuru zilirekebishwa, na pale zinaposema kuhusu muuzaji mdogo au mkulima mdogo ambaye mauzo yake kwa mwaka hayapiti shilingi milioni 5, mnunuzi NDIYE anatoa invoisi. Rudia kusoma hapo. Hoteli ndiyo inaandika invoisi kwa mfumo kwa niaba ya muuzaji, muuzaji anapata ujumbe, anaangalia kama kiasi ni sawa, anaikubali au anaikataa. Basi. Akiikubali hoteli ina gharama yake halali.

Kuna mama mmoja anauza nyanya na vitunguu pale soko la Kongowea, amepelekea hoteli moja ya huku mboga kwa miaka mingi, mwaka jana akaambiwa na ofisi ya ununuzi alete eTIMS ama asirudi tena. Mama hana kompyuta, hana mhasibu, simu yake ni ile ya vibonyezo. Hoteli ikaenda kwa broka mwenye kompyuta, na huyo broka asubuhi ananunua kutoka kwa mama huyo huyo, anaongeza bei yake juu, anaprinti, anapeleka. Sasa hapo nani amefaidika? Hoteli inalipa zaidi, mama anauza kwa bei ya chini, na PIN ya mama ilikuwepo siku zote, kilichokosekana ni mtu mmoja wa ofisi kukaa chini aandike invoisi yenyewe.

Na hata mama angetaka kutoa mwenyewe angeweza, eTIMS Lite iko kwa *222# na haihitaji simu ya maana. Watu wanafikiri eTIMS ni lazima mashine ya kununua. Duka kubwa lenye programu yake ya mauzo linaunganishwa moja kwa moja na KRA, kuna njia ya OSCU ambayo inataka mtandao kila wakati na kuna VSCU ya wale wanaotoa invoisi nyingi kwa mpigo, hiyo inavumilia mtandao ukipotea kidogo. Fundi, kinyozi, muuza mboga hawana haja ya kujiingiza huko kabisa.

Mahali pengine watu wanaumia ni kwa PIN ya mnunuzi. Itoe KABLA invoisi haijatolewa, si baada. Muuzaji akimaliza bila PIN yako mfumo unachukulia ameuzia mtu wa kawaida, na hiyo invoisi haikusaidii kwa ritani hata ukiiwekea fremu. PIN ina herufi na tarakimu 11, inaanza na herufi inaisha na herufi, sasa mtu anaisoma kwa simu kwenye kelele za soko, moja ikikosewa kazi imeharibika. Iandike, itume kwa meseji.

Na invoisi ikishaingia huwezi kuifuta wala kuibadilisha, hii watu wanagombana nayo sana. Umekosea bei, unatoa kredit noti inayoitaja ile invoisi ya kwanza, halafu unatoa nyingine iliyo sahihi. Kumwambia mteja "chana hiyo nakupa ingine" ni kujiwekea mauzo mara mbili kwa KRA.

Halafu kuna zile herufi za ushuru ambazo hakuna anayezieleza. A ni bidhaa isiyotozwa VAT kwa sheria, B ni asilimia 16, C ni asilimia sifuri, D ni kitu kisicho cha VAT, E ni asilimia 8. Hoteli ikinunua mboga mbichi, mkate na soda, hapo kuna A, C na B, bidhaa tatu herufi tatu. A na C mteja haoni tofauti kwa sababu zote hazimwongezei kitu, lakini anayeoka mkate anaweza kurudishiwa VAT aliyolipa kwa vitu vyake vya kuokea, muuza mboga hawezi. Na ule mpango wa 2024 wa kuutoa mkate kwa sifuri kuupeleka 16 ulileta kelele nchi nzima kwa sababu mkate ungepanda bei, hadi ukaachwa. Ukimwekea mtu herufi isiyo yake umeharibu hesabu zake na za mnunuzi. Na kila bidhaa ina namba yake pia, zimetoka kwa orodha ya Umoja wa Mataifa ili nyanya ya Kongowea na nyanya ya Eldoret zisomeke kitu kimoja, hiyo orodha ni ndefu na imeandikwa kwa lugha ya wataalamu.

Hapa ndo naomba KRA, tafadhali, toeni kikaratasi cha Kiswahili chenye vitu mia hivi vinavyouzwa sana sokoni, namba yake na herufi yake, mkibandike Kongowea, Marikiti, Wakulima, na mje siku ya soko lenyewe saa kumi na moja asubuhi wakati watu wako, si saa nne ofisini.

Na nyinyi maneja wa ununuzi, kabla hujamwambia mtu asirudi muulize maswali mawili. Una PIN? Mauzo yako yote kwa mwaka yanapita milioni 5? Hiyo ni kama 13,700 kwa siku, na ni mauzo si faida. Akisema PIN anayo na hafiki hapo, fungua kompyuta yako utoe invoisi, umwonyeshe kwa simu yake pale anapoikubali, umlipe.

Msomaji wako,
Mombasa