Ami, itoe ile mashine kabatini

Ami yangu,

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Shikamoo. Ama baada ya salamu, huku Unguja sote wazima, ila joto la kaskazi limetushika kwelikweli. Barua hii naiweka hadharani kwa idhini yako mwenyewe, uliponiambia kwenye simu kuwa ikiwa itamfaa mwengine basi niitoe, mradi nisikutaje jina. Jina silitaji. Najua mwanao ndiye atakayekusomea, na namuomba asome polepole.

Bi Mkubwa ameniambia kuwa mashine uliyorudi nayo kutoka Dar, ile ya kusukuma hewa puani ili pumzi isikatike usingizini (madaktari huiita CPAP), imo kabatini, ndani ya begi lake, tangu wiki ile ile uliyofika Wete. Hakukushtaki. Amenieleza kwa sababu bado anakesha. Anasikia unakoroma, mara kimya, na kimya kinarefuka mpaka anakutikisa bega, ndipo unaposhtuka na kuvuta pumzi kwa nguvu kama uliyetoka chini ya maji. Mume wangu naye alikuwa akinitikisa hivyo hivyo kabla sijaanza kulala na mashine, na alikuwa akienda kazini macho mekundu.

Neno lako lililonikalisha kuandika ni hili: "Mimi sijafika hali ya kutiwa mashine." Nalielewa linapotoka. Wakati wa korona sote tulisikia habari za watu waliowekwa kwenye oksijeni, na wengine hawakurudi majumbani. Lakini mashine yako si ile, ami. Haina mtungi, haina oksijeni ndani yake, haina dawa. Inavuta hewa hii hii ya chumbani mwako, inaichuja, kisha inaisukuma kwenye mpira mpaka puani kwa nguvu ndogo. Nguvu hiyo hupimwa kwa sentimita za maji, na mashine nyingi za aina yako hufanya kazi kati ya 4 na 20. Kupumua unapumua wewe mwenyewe. Kazi ya ile hewa ni kulishika koo lisifunge, kama upepo unavyolishika tanga likasimama.

Maana maradhi yenyewe yako kooni. Tukilala misuli ya koo hulegea, na kwa watu kama mimi na wewe hulegea hadi ulimi na nyama laini za nyuma ya kinywa zikaziba njia. Kifua kinahangaika, hewa haipiti, oksijeni ndani ya damu inashuka, ubongo unaingia hofu na kukuamsha kidogo tu, kiasi cha kuvuta pumzi moja kubwa. Halafu unalala tena na asubuhi hukumbuki lolote. Kila pumzi ikikatika au ikipungua sana kwa sekunde 10 au zaidi, huhesabiwa kuwa ni mara moja. Wanaofikia mara 30 kwa saa huambiwa hali yao ni kali, na cheti chako cha kupimwa usingizi kimevuka hapo. Na wala usijiambie ni maradhi ya wanene peke yao. Mimi si mnene, na umbo la taya na koo nalo lina sehemu yake.

Kabla ya mashine hizi, dawa ya uhakika kwa mtu mwenye hali kali ilikuwa ni kutobolewa tundu shingoni ili apumulie hapo. Mwaka 1981 daktari Colin Sullivan na wenzake wa Sydney, Australia, walitangaza kuwa wagonjwa watano waliosukumiwa hewa puani usiku walilala bila pumzi kukatika. Nakutajia hili ili ujue kuwa kilichomo kabatini mwako ni kitu ambacho watu wa kabla ya hapo wangekiombea dua.

Sasa tazama mambo unayoyalalamikia. Unaamka mara kwa mara usiku kwenda chooni, ukadhani ni sukari au tezi dume, ukapimwa vyote na havikuonekana. Pumzi ikikatika, moyo huvutwa na kutanuka, ukatoa homoni inayoyaamrisha mafigo kutengeneza mkojo. Presha yako haishuki ijapokuwa unameza vidonge kila siku; hili nalo madaktari hulihusisha na pumzi kukatika, pamoja na kiharusi na moyo kwenda mbio ovyo. Na kule kusinzia kwako kwenye foleni ya kupimisha karafuu watu walikuchukulia kuwa ni uzee. Siku gari ilipoingia mtaroni njia ya Chake, na wewe hukumbuki hata ulivyofika kwenye ile kona, hukuwa mzembe. Ulikuwa hujalala usingizi wa maana kwa miaka.

Najua pia wapo waliokwambia ni jinamizi linalokukaba, na kombe, yale maji yaliyooshea aya za Qur'ani, ulikunywa. Sina la kusema dhidi ya kombe. Qur'ani ni shifaa, na mimi husoma Ayatul Kursiy kila nikilala. Nikimaliza huvaa barakoa yangu ya mashine. Haya mawili hayagombani.

Nije kwenye ndevu, maana hapo ndipo palipokukwamisha. Ulipoambiwa kuwa barakoa inavuja kwa sababu ya ndevu na kwamba ungezinyoa mambo yangekaa sawa, ulinyamaza, ukafunga begi. Ami, huna haja ya kuzinyoa. Barakoa uliyopewa ni ile kubwa inayofunika pua na mdomo, nayo lazima ibane shavuni na kidevuni, mahala penye ndevu, ndiyo maana hewa inatorokea pembeni na kukupuliza machoni. Iko aina nyengine: vifuko viwili vidogo vya silikoni laini vinavyokaa kwenye matundu ya pua tu, na mkanda unaopita juu ya masikio. Haigusi shavu wala kidevu. Inaingia kwenye mpira huo huo na mashine hiyo hiyo. Sharti lake ni pua iwe wazi na mdomo ufungwe wakati wa kulala. Pua ikiziba, chemsha maji, yaache yapoe, tia chumvi kidogo usafishe pua kabla ya kulala. Wewe umezoea kupandisha maji puani kwenye udhu, haitakuwa tabu. Mdomo ukifunguka wenyewe, upo mkanda laini wa kushikia kidevu. Dalili ya kuwa unafunguka ni kuamka ulimi umekauka kama kipande cha ubao.

Barakoa yoyote ile, ivae na uirekebishe ukiwa umeshalala, mashine imewashwa. Uso wa mtu aliyekaa si uso wa mtu aliyelala; nyama za mashavu huhama. Nimeona watu wakikaza mikanda wakiwa wamekaa kitandani, wakilala inavuja, wanakaza tena, mpaka asubuhi wana alama nyekundu juu ya pua na hawataki kuiona tena. Ilegeze. Ikijaa hewa inajishika yenyewe kwenye ngozi. Na kila asubuhi ipanguse kwa maji na sabuni laini, kwa sababu mafuta ya uso ndiyo yanayoifanya iteleze. Mpira nao uoshe kila wiki, uuanike kivulini.

Ile hofu ya kukabwa, uliyosema moyo ulienda mbio ukaivua kwa kuirusha, karibu kila mtu huanza nayo. Haiondoki kwa kujilazimisha usiku. Iondoe mchana. Baada ya alasiri kaa kibarazani ndani, shikilia barakoa puani kwa mkono bila kufunga mkanda, mashine imewashwa, huku unasikiliza redio. Ukichoka, iondoe. Siku nyengine funga mkanda. Siku nyengine jilaze nayo. Mwili unajifunza kuwa hewa ipo na mlango wa kutokea upo. Na ukienda kulala, bonyeza kile kitufe kinachoanzisha hewa kwa nguvu ndogo na kuipandisha polepole. Mpaka ifike nguvu uliyoandikiwa na daktari, usingizi umekuchukua. Usipandishe wala usishushe nguvu yenyewe kwa mkono wako. Ukiamka tumbo limejaa upepo na unacheua, maana yake unameza hewa, na hilo mwambie daktari akurekebishie.

Umeuliza pia: umeme ukikatika usiku, si nitakufa ndani yake? Hapana. Barakoa zote hizi zina vitundu vya kutolea pumzi, na ile kubwa ina kilango kinachofunguka chenyewe mashine ikizima ili uvute hewa ya chumbani. Utakachokihisi ni hewa kuwa nzito, utaamka, utaivua. Mimi huamshwa na kimya cha mashine kabla ya kitu chengine chochote. Basi usiku huo lala ubavu, inua kichwa na kifua kwa mito, usilale chali, kwani chali ulimi hurudi nyuma zaidi.

Ila kwa mtu anayetaka kulala na mashine kila siku, betri ni jambo la kufikiriwa tangu mwanzo. Sisi wa Unguja tunakumbuka mwisho wa 2009 tulipoingia gizani kiasi cha miezi mitatu, na nyinyi wa Pemba mnategemea waya uliolazwa chini ya bahari kutoka Tanga mwaka 2010. Mashine hizi hazili umeme mwingi, hasa ukizima kile kipasha maji kinachotia unyevu kwenye hewa; kinachomaliza betri ni ule moto wa maji na wa mpira. Unayo sola na betri ya volti 12 pale nyumbani. Usiunganishe waya hivi hivi. Nyingi zinataka volti 24, kwa hiyo angalia kibandiko cha chini ya mashine, kisha tutafute kibadilishio cha mtengenezaji wake.

Na maji yenyewe: kile kidumu cha pembeni kinataka maji yaliyochujwa kwa mvuke. Maji ya kisima chetu huku huacha ukoko mweupe kwenye birika, na ndivyo yatakavyofanya ndani ya mashine. Usitie maji ya betri yanayouzwa kwenye vituo vya mafuta, hayakukusudiwa kupumuliwa. Mimi miezi ya masika sitii maji kabisa, hewa ya visiwani ina unyevu wa kutosha. Jaribu hivyo, ukiona pua inauma kwa ukavu ndipo tuhangaike na maji.

Mambo madogo ya chumbani Bi Mkubwa atayamaliza. Mpira upitishwe upande wa kichwani, chini ya chandarua, ukunjo wa chandarua uchomekwe chini ya godoro pande zote mbili za mpira, mbu wasipate njia. Mashine ikae juu ya kistuli, isikae sakafuni kwenye vumbi, na kichujio cha nyuma kitazamwe. Vumbi la karafuu zilizoanikwa uani litakijaza upesi msimu ukifika.

Jambo moja nakusisitizia kuliko yote. Usiivue saa saba ya usiku ukasema imetosha. Madaktari huangalia kama mtu anaitumia angalau saa 4 kila usiku, lakini usingizi wa ndoto, ambao misuli hulegea zaidi na pumzi hukatika vibaya zaidi, huwa mwingi karibu na alfajiri. Ukiamka kwenda chooni, chomoa mpira tu, acha barakoa usoni, ukirudi chomeka. Ramadhani ikifika utalala vipande viwili, baada ya tarawehe na baada ya daku. Ivae vyote viwili, na hata kile kidogo cha mchana baada ya adhuhuri. Suala la maji ya mvuke na saumu ya mchana muulize shekhe wako, au uitumie bila maji kama nilivyokueleza.

Kwa wengine mnaosoma barua ya ami yangu: mashine iliyotumika na kuuzwa rahisi iulizieni kwanza. Juni 2021 kampuni ya Philips ilitangaza mamilioni ya mashine zake zirudishwe kwa sababu sponji ya ndani iliweza kumeguka na kuvutwa pamoja na hewa. Nyengine bado zinazunguka mikononi mwa watu.

Ami, vile vifuko vya pua nimeshavipata. Pakiti ina saizi tatu: anza na ya katikati, ikibana matundu shuka, ikicheza panda. Nampa kijana wa shangazi, anapanda boti ya Pemba Jumamosi, atakuletea mpaka nyumbani. Mwambie mwanao anipigie picha ya kibandiko cha chini ya mashine na ya cheti chako, penye nguvu aliyokuandikia daktari, ili nikienda Dar mwezi ujao nimuulize suala la kibadilishio na la tumbo pamoja.

Nisalimie Bi Mkubwa na wote nyumbani.

Wasalaam,
Mtoto wako wa Jang'ombe