Barua ya wazi kwa sahibu yangu aliyeshika makasia

Sahibu yangu,

Nakuandikia hadharani kwa sababu sifa nazo zimetolewa hadharani, na zimekwenda kusikostahili. Tangu watu waione picha yangu na yule trauti, samaki wa maji baridi wa safari yetu ya mtoni, wanausifu mkono wangu, wanaulizia fimbo, wanaulizia chambo. Wewe ukiulizwa ulipata nini, unajibu kwamba siku ile ulikuwa umeshika makasia, na mazungumzo yanafia hapo. Jibu hilo limenikaa vibaya moyoni. Samaki yule ulimvua wewe, na nitaeleza mpaka hata asiyewahi kupanda boti la mpira akubaliane nami.

Ulianza kumvua kabla hatujafika majini. Kulikuwa na mito miwili ya kuchagua, na wewe ukashikilia huu unaotoka chini ya bwawa. Maji huwa mazito zaidi yakiwa na nyuzi 4 hivi za Selsiasi, kwa hiyo majira ya baridi maji ya nyuzi hizo huzama na kutulia chini kabisa ya bwawa lenye kina kirefu, huku juu kukiwa kumeganda. Bwawa likifungulia maji yake ya chini, mto unaofuata haugandi, hata hewa ikiwa imeshuka chini ya sifuri. Ndiyo siri ya Mto Green chini ya bwawa la Flaming Gorge kule Utah, na ya Mto Bighorn chini ya bwawa la Yellowtail kule Montana: watu huko huvua trauti hata katikati ya baridi. Ule mto mwingine, unaoshuka moja kwa moja kutoka milimani, ungetupokea kwa mabamba ya barafu yanayoelea, na pengine tusingepata hata pa kushushia boti.

Maji yasiyoganda hata hivyo bado ni ya baridi, na trauti mwili wake hufuata joto la maji aliyomo. Katika nyuzi 10 hadi 16 hivi hukimbilia chakula na kuruka juu kukipata. Zikishuka chini ya 5, tumbo husaga polepole, misuli inakuwa mizito, naye huyaacha maji ya kasi na kujilaza kwenye vina vyenye mkondo wa taratibu, mahali ambapo kujishikilia hakumgharimu nguvu. Hafukuzi kitu. Chakula kimpitie karibu na mdomo, kwa mwendo uleule wa maji, atafunua mdomo. Kikipita mbali kidogo, au kikivutwa hata kidogo, anakiacha kiende zake. Hii ndiyo sababu ulikataa tuanze alfajiri, ingawa wavuvi wengi huiona alfajiri kuwa saa takatifu. Wakati wa baridi saa yenye kheri ni kuanzia karibu na adhuhuri mpaka alasiri, jua likishayapandisha maji nyuzi moja au moja na nusu. Kwa samaki aliyelala, nafuu hiyo si ndogo.

Chambo chenyewe nilikifunga mimi, lakini nani aliyegeuza mawe ya ukingoni kutazama kilichoshikilia chini yake? Msimu ule chakula kikubwa cha trauti ni vile vijidudu vya jamii ya mbu wasiouma, ambavyo huendelea kutoka majini na kuruka hata theluji ikiwa imefunika kingo. Viluwiluwi vyake ni vyembamba kama uzi, vyekundu au vya kijivu. Ukaniambia niweke ndoana ya namba 20 na nyingine ya 22 chini yake. (Kwa wasioujua uvuvi huu wa nzi bandia: namba ikipanda, ndoana inapungua, na ndoana ya 22 inakaa juu ya ukucha wa kidole kidogo na nafasi ikabaki.) Chubwi ndogo juu ya ndoana ili zishuke mpaka karibu na changarawe, na kiboya juu ya maji cha kutuonyesha kinachoendelea huko chini.

Sasa nifike kwenye makasia, maana hapa ndipo watu wasipoelewa kabisa.

Anayevua akisimama ukingoni ana tatizo moja lisilokwisha. Kati ya ncha ya fimbo yake na chambo kuna mikondo kadhaa, mmoja unakimbia, mwingine unasuasua, na mshipi umelala juu ya yote. Mkondo wa kasi huupinda mshipi kuelekea chini, mshipi unavuta kiboya, kiboya kinavuta chambo, na samaki anaona kiluwiluwi kinachokimbia kwa namna ambayo kiluwiluwi hakikimbii. Chambo kinaelea kwa uhuru mita chache tu, kisha mtu anaanza upya. Boti linaliondoa tatizo hilo likienda sambamba na kiboya. Mwendo wa chombo na mwendo wa chambo vikilingana, hakuna kinachovuta, na chambo kinaweza kuteremka kina kizima bila kuguswa.

Lakini boti haliendi sambamba na chochote lenyewe. Linachukuliwa na mkondo wa katikati, na samaki wa baridi hakai katikati. Kwa hiyo mpiga makasia huketi akitazama anakokwenda, uso chini ya mto, yaani mto unakoshukia, na kazi yake ni kuvuta kwenda nyuma, dhidi ya maji, pigo baada ya pigo, mpaka boti lipunguze mwendo na kuwa sawa na kile kiboya kinachotambaa kandokando ya mkondo. Akivuta kidogo mno, boti linatangulia na kuburuta mshipi. Akivuta mno, linabaki nyuma na kuburuta vilevile. Na hapohapo anatakiwa kulinda umbali, tusimkaribie samaki akastuka, tusiwe mbali mshipi ukalala mrefu. Akitaka kusogea upande, hageuzi omo, yaani mbele ya boti. Anaelekeza tezi, yaani nyuma yake, upande anaoutaka, omo likibaki kutazama hatari, kisha anavuta. Nilikutazama ukifanya hayo yote bila kasia kugonga fremu hata mara moja, na glavu zako zimelowa, na barafu inajijenga kwenye vishikio vya makasia.

Mimi mbele huko nilikuwa na shida zangu, ndogo zaidi. Matone yanayobaki kwenye pete za fimbo huganda, pete zikaziba, mshipi ukakwama. Ukiulazimisha unaweza kuivunja ncha ya fimbo. Unaizamisha fimbo mtoni kidogo, barafu inayeyuka, unaendelea. Basi.

Kisha tukafika kwenye lile pindo, pale mto unapokunja kona, lenye mti ulioanguka. Wanaoiona picha hawajui kwamba mti huo upo. Mti uliolala mtoni ni kitu cha kutisha kuliko mawe: maji hupita kati ya matawi, lakini boti au mtu hapiti, anabanwa hapo na uzito wote wa mto ukimsukuma. Samaki alikuwa amelala juu kidogo ya mti ule, pale maji ya kasi yanapopakana na maji yaliyotulia. Wewe uliliona hilo mapema, ukaelekeza omo kwenye mti na tezi katikati ya mto, ukaanza kuvuta tukiwa bado mbali. Ukanishikilia boti sehemu moja, karibu tu na mpaka ule, muda wa kutosha chambo kupita taratibu.

Kiboya hakikuzama, na hili nataka lisomwe vizuri. Trauti wa maji baridi hanyakui. Hufunga mdomo tu. Kiboya kilichelewa kidogo, kama kimegusa jani, na mimi nilikuwa nakitazama bila kukiona. Sauti iliyosema "inua!" ilikuwa yako. Nikainua fimbo, ikawa nzito.

Alipokimbilia kwenye matawi, mimi sikuwa na uwezo wa kumzuia. Uzi wa mwisho ni mwembamba mno kwa ndoana ndogo vile, ukimkazia unakatika. Wewe ndiye uliyevuta mapigo marefu kuelekea katikati, ukabadilisha upande ninaomvutia, na samaki akageuka kwa sababu boti liligeuka. Kisha ukatafuta maji yaliyolala kabisa, ukashusha nanga pale tu, ukachukua wavu. Wapiga picha wanasema samaki ni wa anayeshika fimbo. Fimbo ilifanya nini pale ambacho kasia halikufanya?

Hata kumwachia ulikusimamia wewe. Ndoana zilikuwa zimebinywa vile vijimiba vya nchani, ikatoka kwa kidole. Ukaniamuru nivue glavu na kulowesha mikono, kwa sababu kitambaa kikavu hukwangua ule utelezi unaomkinga samaki na maradhi. Akabaki ndani ya wavu, ndani ya maji, akainuliwa kwa pumzi moja tu ya picha. Hewa ikiwa chini ya sifuri matamvua yake yanaweza kuanza kuganda upesi sana, na samaki anayeonekana kuogelea vizuri akiondoka akafa baadaye. Watu wanaoshika trauti juu ya theluji ili picha ipendeze wananiumiza kweli.

Kuna mengine ambayo hayapigwi picha. Boti tulilijaza upepo kwenye hewa ya chumbani, na lilipogusa maji likanywea, kwa kuwa hewa ya ndani husinyaa ikipoa. Uliliacha likae majini kwanza, kisha ukaliongeza upepo, ndipo ukaniruhusu kupanda. Mfuko wa nguo kavu uliufunga kwenye fremu kwa mkono wako. Ukakagua mkanda wangu wa kiunoni juu ya ile suruali ya kuzuia maji inayofika kifuani, kwa sababu mkanda ukikazwa maji mengi hayaingii mtu akianguka. Ukakagua jaketi la kuokolea maisha, likiwa juu ya nguo zote na limefungwa. Ukaniuliza kisu cha kukatia kamba ya nanga kiko wapi, ukataka nikiguse.

Na ukanirudishia, palepale ukingoni, ile kanuni ya moja, kumi, moja inayofundishwa na Gordon Giesbrecht wa Chuo Kikuu cha Manitoba, Kanada, aliyechunguza kwa miaka mingi namna baridi inavyouathiri mwili wa binadamu. Ukianguka kwenye maji ya baridi kali una dakika 1 ya kuituliza pumzi, maana mwili hutweta wenyewe na ukitweta chini ya maji umekwisha. Una dakika 10 hivi ambazo mikono na miguu bado inakutii. Una kama saa 1 kabla baridi haijakupotezea fahamu. Wengi huogopa ile saa, ilhali mtu anaweza kufa katika dakika ya kwanza. Nilivua kwa utulivu siku nzima kwa sababu ulikuwa umeshanionyesha la kufanya: chali, miguu mbele kuelekea chini ya mto, pumzi kwanza.

Mchana nilikuomba tubadilishane viti. Ukasema upepo umeanza kupanda mto, ukapiga makasia mpaka tulipotoka. Upepo ulikuwepo, ni kweli. Nadhani pia uliniona nimefurahi na hukutaka kunikatiza.

Safari ijayo sitaomba. Nimekuwa nikijifunza kwenye maji mapana yasiyo na mawe, kuvuta kwa mgongo na miguu badala ya mabega, kuelekeza tezi na kuvuka bila kuteremka. Bado sijawa kama wewe, lakini kwenye sehemu ya juu, kutoka tunaposhusha boti mpaka kabla ya pindo la mti, ninaweza. Kiti cha mbele ni chako tangu mwanzo. Njoo na fimbo yako, na vile viluwiluwi vyekundu unavyovifunga kwa uzi mmoja tu, maana vyangu havifanani navyo. Gari la kuturudisha liwekwe chini ya mto kabla hatujashusha boti, jua huzama mapema. Viti tutabadilishana kwenye maji yaliyolala kabla ya pindo, nanga ikiwa chini, ili pindoni makasia yawe mikononi mwako. Na kiboya kikichelewa, safari hii nitakiangalia mimi kutoka nyuma, nitakuambia.