Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu, Mwaka 2024: Mtoto Apimwe Kabla Hajaumwa

Ndugu wanachama, wazazi wenzangu, na ninyi vijana wetu mnaoishi na selimundu, yaani sikoseli,

Tuanze kwa kuwakumbuka wenzetu waliotangulia mbele ya haki mwaka huu. Katibu atasoma majina yao baada yangu, nasi tutasimama. Familia mbili kati ya hizo ziko nasi ukumbini leo. Poleni sana, na asanteni kwa kuja.

Hesabu za fedha mtazipata kwa Mhazini, na kazi za kamati zimo kwenye makabrasha mliyogawiwa mlangoni. Mimi naomba nizungumzie utafiti. Mwaka mzima mmenipigia simu kuuliza kuhusu dawa mpya, kupandikizwa uloto (uboho wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu), na matangazo yanayozunguka kwenye WhatsApp. Haya ni maswali ya uhai wa watoto wetu, na yanastahili kujibiwa mbele ya wote.

Nianze na hapa kwetu Kanda ya Ziwa. Mwaka 2018 zilitangazwa takwimu za watoto wachanga wa mikoa ya kaskazini-magharibi ya Tanzania. Watafiti wa Hospitali ya Bugando, Mwanza, na wenzao walitumia matone ya damu yaliyokaushwa kwenye karatasi, ambayo tayari yalikuwa yamechukuliwa kwa ajili ya kupima VVU. Hakuna mtoto aliyechomwa sindano mara ya pili. Walikuta karibu mtoto mmoja kati ya watano amebeba kinasaba kimoja cha selimundu, yaani ni AS, na zaidi kidogo ya mtoto mmoja kati ya mia ana ugonjwa wenyewe, ambao kwa kawaida huandikwa SS, yaani vinasaba viwili. Kwa hiyo, ndugu zangu, ugonjwa huu haukuletwa na ukoo fulani wala na mama fulani. Umo katika vijiji vyetu vyote.

Sababu yake inajulikana. Mwaka 1954 Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alionyesha kuwa watu wa AS wanakingwa kwa kiasi kikubwa na malaria kali, na ndiyo maana kinasaba hiki kimebaki kwa wingi katika nchi zenye mbu. Lakini kinga hiyo ni ya AS. Mtoto wa SS akipata malaria yuko hatarini kuliko mtoto yeyote. Nasisitiza kwa sababu bado nasikia wazazi wakisema mtoto wa sikoseli hahitaji chandarua. Anakihitaji, kila usiku.

Jambo jingine ni hesabu ya "mmoja kati ya wanne". Baba na mama wakiwa wote AS, kila mimba ina uwezekano wa robo kuleta mtoto wa SS. Kila mimba inaanza upya. Si kwamba mkishapata mmoja mgonjwa, watatu wanaofuata wamesalimika. Kuna ndoa zilizovunjika mwaka huu kwa sababu wakwe walimlaumu mama peke yake. Mtoto wa SS amepokea kinasaba kimoja kwa baba na kimoja kwa mama. Akina baba, nawaomba mlisimamie hili katika familia zenu, maana likisemwa na mama halisikilizwi.

Sasa kuhusu kupima. Wengi wetu tuligundua baada ya vidole vya mtoto kuvimba, au baada ya kulazwa mara kadhaa na kuongezewa damu. Mwanachama mmoja alizungushwa vituoni karibu miaka miwili akitibiwa malaria tu. Kile kipimo cha zamani, cha kuinyima damu oksijeni na kuangalia chembe kwa hadubini, hakimtenganishi AS na SS, na kwa kichanga kinaweza kudanganya kabisa, kwa kuwa bado ana himoglobini, yaani kibeba oksijeni cha damu, aliyotoka nayo tumboni mwa mama. Siku hizi vipo vipimo vya haraka vya tone moja la damu vinavyotoa jibu ndani ya dakika chache. Jibu huthibitishwa maabara kwa elektroforesisi, yaani kutenganisha aina za himoglobini kwa umeme, au njia nyingine ya uhakika.

Faida ya kujua mapema si ya kinadharia. Mwaka 1986 utafiti wa Marekani uliwapa watoto wadogo wenye SS penisilini ya kunywa mara mbili kwa siku, na maambukizi makali ya bakteria wa nimonia yakapungua kwa asilimia 84. Ulisimamishwa kabla ya wakati wake kwa sababu isingekuwa haki kuendelea kuwanyima dawa watoto wa kundi la pili. Bandama ya mtoto wa SS huharibika mapema mno, na bila bandama bakteria hao wanaua kwa saa chache. Lakini penisilini haiwezi kumlinda mtoto ambaye hajulikani.

Jamaica nako kuna funzo ninalolipenda kuliko yote. Kuanzia mwaka 1973, hospitali moja kubwa ya uzazi mjini Kingston ilipima vichanga 100,000, na waliogundulika wakafuatiliwa miaka mingi. Madaktari wakawafundisha akina mama kupapasa tumbo la mtoto na kutambua bandama inapovimba ghafla kwa kunasa damu. Vifo vitokanavyo na hali hiyo vilishuka sana. Hapakuwa na mashine wala dawa mpya, ni mkono wa mama tu. Ndiyo maana mwaka huu tuliwaomba wauguzi wa kliniki watufundishe, na mama waliohudhuria wameanza kuwafundisha wengine mitaani kwao. Kwangu mimi hii ndiyo kazi bora tuliyofanya.

Kwa upande wa dawa, safari ilianza mwaka 1948, daktari wa watoto Janet Watson wa Brooklyn alipoona kwamba vichanga wenye SS hawaumwi miezi ya mwanzo. Akahisi kuwa himoglobini ya tumboni ndiyo inayowalinda. Dawa ya haidroksiyurea inafanya hivyo hivyo: inaurudisha mwili kuitengeneza tena. Hofu kwa Afrika ilikuwa kwamba dawa hii hupunguza chembe nyeupe, kwa hiyo labda ingezidisha malaria. Utafiti uliofanyika Kilifi, Mbale, Kinshasa na Luanda, kwa watoto wa mwaka 1 hadi 10, ulitoa matokeo yake mwishoni mwa mwaka 2018. Malaria ilipungua. Maumivu yalipungua, kuongezewa damu kukapungua, na vifo vikapungua. Hapa Mwanza pia dawa hii imefanyiwa utafiti kwa watoto ambao kipimo cha mtiririko wa damu ya ubongo kilionyesha damu inakimbia kasi mno, dalili kwamba wako hatarini kupata kiharusi, na kasi hiyo ya damu ilishuka.

Tatizo letu ni bei na mwendelezo. Wazazi wananunua vidonge vya mwezi mmoja, mwezi wa pili wanakosa. Dawa hii inatakiwa kila siku, na kipimo cha damu kwa vipindi anavyopanga daktari. Msiongeze wala kupunguza dozi wenyewe.

Tiba ya kuhariri vinasaba iitwayo Casgevy iliidhinishwa Uingereza Novemba 2023, na Marekani mwezi uliofuata. Bei yake Marekani ni dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja, na kabla ya kuipokea lazima apitie dawa kali za kusafisha uloto. Nafurahi kwamba ipo. Siwezi kuwaambia muisubiri. Kupandikiza uloto kumeshaanza Dodoma, Hospitali ya Benjamin Mkapa, lakini kwa kawaida anahitajika ndugu anayelingana kabisa, na kwa kila ndugu wa baba na mama mmoja uwezekano huo ni robo tu. Ile dawa ya voxelotor mliyoiulizia iliondolewa sokoni duniani kote Septemba mwaka huu na kampuni ya Pfizer yenyewe, kwa sababu za usalama. Na wanaouza chupa za "kumaliza sikoseli" stendi na mitandaoni, naomba mtuletee majina ya bidhaa zao ofisini tuziwasilishe panapohusika.

Watafiti wataendelea kutujia, na tuwapokee, maana yote niliyoyataja yalitokana na wazazi waliokubali. Mkiombwa ridhaa, ombeni kuona kibali cha maadili, ulizeni matokeo yatarudishwaje kwetu, na mjue mnaweza kujitoa wakati wowote bila mtoto kunyimwa matibabu.

Naleta hoja mbili za kuamuliwa leo. Ya kwanza, sehemu ya ada za mwaka ujao itengwe kununulia vipimo vya haraka, tuanze na wadogo wa watoto wetu ambao hawajapimwa. Ya pili, uanzishwe mfuko wa haidroksiyurea wa kumkopesha mzazi aliyekwama mwezi mmoja, arejeshe bila riba. Kamati imeandaa rasimu ya masharti na Katibu atawagawia. Naomba mkutano upokee taarifa hii, kisha tuanze na hoja ya vipimo.