Anayehamia Arizona na familia aulize kwanza maji na kivuli

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wasomaji wenye ndugu Marekani, hasa Wakongo, Warundi na Watanzania ambao, wakishapata kazi na akiba kidogo katika majimbo ya baridi, huanza kuulizia nyumba pembezoni mwa jiji la Phoenix, jimbo la Arizona. Sisi tunaoishi huku tunapigiwa simu za namna hiyo mara kwa mara. Mpigaji huwa ameshaona picha ya nyumba mpya ya vyumba vinne katika mji kama Buckeye au Queen Creek, na anachotaka kujua ni bei na shule. Ana haki ya kuuliza hayo, lakini kwa mzazi anayewapeleka watoto kuishi jangwani yapo mambo mawili yanayotangulia.

La kwanza ni maji. Eneo la Phoenix linaishi kwa mito ya Salt na Verde, kwa mfereji wa kilomita 540 hivi unaoleta maji ya mto Colorado, na kwa visima. Mtaa ulio ndani ya mji mkongwe wenye haki ya maji ya mito hauwezi kulinganishwa na mtaa uliochipuka juzi kwa kutegemea visima peke yake, hata kama nyumba zake zinapendeza zaidi. Sheria za jimbo zinamtaka mtu anayegawa ardhi viwanja sita au zaidi athibitishe kuwa yapo maji ya kutosha miaka 100. Mwezi Juni 2023, baada ya wataalamu wa jimbo kukadiria kwamba maji ya ardhini yatapungua kwa takriban asilimia 4 ya mahitaji ya karne moja, Gavana Katie Hobbs alitangaza kuwa miradi mipya inayotegemea visima pekee haitaidhinishwa. Kanuni zimeendelea kurekebishwa tangu hapo, na miradi iliyokuwa na vibali haikuguswa, lakini mnunuzi anayo kila sababu ya kudai aonyeshwe kwa maandishi maji ya mtaa wake yanatoka wapi.

Yaliyotokea katika kitongoji cha Rio Verde Foothills yanatosha kuwa funzo. Huko ardhi iligawanywa viwanja vichache vichache, chini ya sita, kwa hiyo sharti la miaka 100 halikuwabana wajenzi, na mamia ya familia zikanunua nyumba ambazo maji yake yaliletwa kwa maboza kutoka mji jirani wa Scottsdale. Tarehe 1 Januari 2023 Scottsdale ilisitisha huduma hiyo kwa sababu ya ukame wa mto Colorado. Watu wenye nyumba za thamani kubwa wakaanza kukinga maji ya mvua ili wapate ya kumwaga chooni, na kulia kwenye sahani za karatasi wasiwe na vyombo vya kuosha. Ilibidi sheria ya jimbo itungwe ndipo wakapatiwa maji ya muda.

Jambo la pili ni joto, nalo halifanani mtaa kwa mtaa kama wengi wanavyodhani. Mwaka 2023 Phoenix ilipitisha siku 31 mfululizo za nyuzijoto 43 za Selsiasi na zaidi, na ulikuwapo usiku ambao halijoto haikushuka chini ya 36. Kaunti ya Maricopa, lilimo jiji la Phoenix, ilihesabu vifo 645 vilivyohusiana na joto mwaka huo. Miongoni mwa waliofia ndani ya nyumba, wengi walikuwa na kiyoyozi ambacho hakikuwa kikifanya kazi. Kwa hiyo umri wa kiyoyozi ni swali zito kuliko idadi ya vyumba, na mwenye nyumba aombwe bili za umeme za Julai na Agosti kabla hajapewa hata senti ya amana.

Kivuli nacho kina historia yake. Katika baadhi ya mitaa ya zamani ya Phoenix, Tempe na Mesa, maji ya mifereji bado huachiwa yafurike uani, na ndiyo sababu utakuta huko michungwa na miti mirefu iliyofunika barabara. Mitaa ya kipato cha chini, kama sehemu kubwa ya Maryvale, na mingi iliyojengwa upya pembezoni, ina kokoto, lami na miche iliyoshikizwa kwa miti ya kuegemea. Mzazi atembee mtaani kwa miguu saa tisa alasiri mwezi Julai. Aguse mtelezo wa watoto kwenye uwanja wa michezo, asimame kwenye kituo cha basi kisicho na paa, kisha arudi ndani afungue bomba la maji ya baridi aone yanavyotoka ya moto. Lami ya saa hiyo humuunguza vibaya mtoto aliyeanguka juu yake.

Kwa familia yenye gari moja, na walio wengi wetu huanza hivyo, umbali ni mzigo mwingine. Treni ya mjini iliyofunguliwa mwaka 2008 inapita Phoenix, Tempe na Mesa, lakini Buckeye iko zaidi ya kilomita 50 kutoka katikati ya jiji. Baba akienda zamu ya usiku na gari, mama anabaki na watoto mahali ambapo hata duka la dawa halifikiki kwa miguu. Nyumba yenye bwawa la kuogelea lisilo na uzio wake isikubaliwe kabisa kwa familia yenye watoto wadogo.

Kuhusu shule, Arizona inaruhusu mwanafunzi kuomba nafasi katika shule ya umma nje ya eneo lake, ikiwa nafasi ipo. Hakuna haja basi ya kukimbilia kununua kwa ajili ya shule. Nawasihi ndugu zetu wapange nyumba ya kukodi kwanza, wakae hapa kiangazi kizima na watoto wao, kisha ndipo watie sahihi mkopo wa miaka 30.

Mzazi na msomaji wako,
Glendale, Arizona