Wazazi mnaoenda graduesheni Marekani, safari ya jangwani msiikimbize

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwa gazeti lako manake mwezi wa tano ukikaribia hapa Nakuru ni graduesheni za Marekani tu zinaongelewa, fulani mtoto wake anamaliza Arizona, mwingine ako na wake Utah, viza imetoka, tiketi imeshikwa, na baada ya sherehe lazima familia iingie kwa gari izunguke kuona jangwa na yale mawe mekundu. Hiyo ni sawa kabisa. Shida yangu ni ratiba. Mimi kazi yangu ni kuendesha van za watalii, halafu binti yangu ni nesi Phoenix na nimewahi kuzunguka naye hizo barabara za huko, kwa hivyo wazee wenzangu hunitumia mipango yao kwa WhatsApp niipitie na mingine nikiisoma nachoka kabla gari halijawashwa: Jumatatu Las Vegas, Jumanne Zion na Bryce, Jumatano Grand Canyon, Alhamisi Monument Valley, Ijumaa Los Angeles kusalimia anti. Na mgeni mwenyewe ni mama wa miaka sabini, magoti yanamsumbua, ameshuka kwa ndege juzi.

Watalii tunaowabeba huku wanafanyanga hivyo hivyo na mimi huwaona kwa kioo, wamelala midomo wazi na Bonde la Ufa lote linapita dirishani. Wamelipa pesa nyingi walale kwa van.

Kitu cha kwanza, ramani ya huko inadanganya. Pale Grand Canyon, lile korongo kubwa la Arizona, upande wa kusini na wa kaskazini wanaangaliana, ni kama kilomita 16 tu hewani, lakini kwa barabara ni zaidi ya 340 kuzunguka, hiyo ni Nakuru Nairobi na kurudi na bado unadaiwa. Halafu loji ya upande wa kaskazini iliungua kwa moto wa Julai 2025, kwa hivyo kama bado iko kwa ratiba yako ifute. Kaa upande wa kusini. Na ukae, sio kusimama ukingoni dakika kumi picha twende. Sisi wa Nakuru tumezoea Menengai, shimo la kama mita 485, basi hapo ni kilomita moja na nusu na zaidi kwenda chini, tena sio volkano, ni mto Colorado umekata mwamba pole pole, na rangi za mwamba zinabadilika na jua. Saa sita mchana ni kitu kingine kabisa na saa kumi na mbili jioni. Lala usiku mbili hapo. Kuna barabara ya Desert View, kama kilomita 40 ukingoni kabisa, sehemu za kuegesha ni nyingi na mzee anaona bila kutembea sana, na mwisho kuna mnara wa mawe uliojengwa 1932.

Kutoka Phoenix nashauri mlale Sedona kwanza, ni kama Nakuru Kisumu, kilomita 185 hivi, halafu ndio mpande Grand Canyon, halafu mji wa Page, halafu Monument Valley kama siku zinatosha. Hazitoshi, toa Monument Valley, haitahama. Las Vegas mimi naona mnaweza kuiacha kabisa lakini hiyo nimeshagombana nayo na watu wengi.

Baridi sasa. Watu wakisikia jangwa wanabeba kandambili. Ukingo wa kusini uko mita kama 2,100 juu ya bahari, tuko chini yao sisi hapa, na usiku wa Mei huko inashuka mpaka karibu nyuzi 4, hiyo ni baridi ya Molo, beba sweta na shuka la mama. Phoenix yenyewe ni chini na ni tanuri, mwaka wa 2023 walipita siku 31 mfululizo joto likigonga nyuzi 43 na zaidi, lakini hiyo ni kuanzia mwisho wa Juni. Mei bado inavumilika, na Oktoba pia. Wanaongoja likizo ya Agosti ndio nawaonea huruma, manake kando ya joto kuna mvua za ghafla za Julai mpaka Septemba. Pale Page kuna korongo jembamba linaitwa Antelope, zuri ajabu, unaingia tu na mwongozaji wa Wanavajo, wenyeji asilia wenye hiyo ardhi, na tarehe 12 Agosti 1997 maji yaliwakuta watalii ndani wakafa 11, mvua yenyewe ilinyesha mbali. Mwongozaji akisema leo hatuingii, msibishane naye. Na hilo korongo liko sehemu mbili, ile ya chini ina ngazi za chuma za kushuka, wenye magoti mbaya wakae kwa gari.

Kitu kilichonifurahisha kuliko hayo makorongo yote hakiko kwa ratiba ya mtu yeyote. Ni saguaro, ile kakati kubwa ya kwa picha, inafanana kwa mbali na yuforbia zetu za Lake Nakuru lakini sio ndugu yake, haina ule utomvu mweupe. Mkono wa kwanza unaweza kuchukua miaka 50 mpaka 75 kutokea. Binti akiwa kazini nilikuwa nakaa nje na chai yangu asubuhi, na Mei ndio mwezi inatoa maua, yanafunguka usiku, asubuhi yako wazi meupe juu kabisa na njiwa wameingiza vichwa ndani, alasiri yameshafunga. Ukitoka Phoenix kupanda mji wa Flagstaff unaziona zinapungua pungua mpaka zinaisha, hazitaki baridi. Sasa kama mko mbio hiyo mtaiona saa ngapi.

Kwa kuendesha, wanakaa kulia, mnajua. Chenye kinatatiza ni makutano ya stop pande zote nne, aliyefika kwanza ndiye anaenda kwanza na kila mtu anatii, hapa stage ya Nakuru hiyo ingekuwa vita. Chukua kibali cha kimataifa kutoka AA kabla ya kusafiri. Jaza tangi Flagstaff, jaza tena Page, hata kama ni nusu, na upakue ramani kwa simu manake netiweki inapotea. Usiku msiendeshe kwa ardhi ya Wanavajo, ng'ombe na farasi wanatembea huru mpaka kwa lami. Pombe huko hairuhusiwi, na saa pia inawachanganya, Arizona haibadilishi saa lakini Wanavajo wanabadilisha, kwa hivyo Mei ukifika Monument Valley simu inaruka saa moja mbele na kama mlibuki mwongozaji mmechelewa.

Mwisho ni pesa. Tangu Januari 2026 asiye mkazi analipia pasi ya mwaka ya mbuga zao dola 250, mkazi ni 80, na bila pasi mgeni anaongezewa dola 100 kwa kichwa kwa mbuga 11 zenye watu wengi, Grand Canyon, Zion na Bryce zikiwemo. Msilalamike sana, hata geti la Lake Nakuru mwananchi na mgeni hawalipi sawa. Na Monument Valley ni ya Wanavajo, hiyo pasi haifanyi kazi huko.

Kama kuna msomaji wa Kisumu ama Kakamega amepitia upande wa New Mexico, kwa ule mchanga mweupe wa White Sands, aandike hapa atuambie alilala wapi na wazee walipanda vipi hiyo milima ya mchanga, binti amesema tukijaliwa safari ijayo ni huko.

Dereva wa watalii,
Section 58, Nakuru