Risala ya Kamati ya Kutunza Mnara wa Kumbukumbu na Makumbusho ya Chini ya Ardhi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, viongozi wa Wilaya, Masheha, wazee wetu, mabibi na mabwana,

Assalaam alaykum.

Tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa uzima, na tunakushukuru wewe kwa kufika mwenyewe bila ya kutuma mwakilishi.

Mheshimiwa, mnara huu ni wa Mapinduzi ya Zanzibar ya tarehe 12 Januari 1964, historia ambayo kwako si ngeni. Kamati imepata mafanikio makubwa: uzio umepakwa rangi, mabenchi mawili yamewekwa, na daftari la wageni limefunguliwa rasmi.

Mheshimiwa, changamoto yetu ni maji. Chumba cha makumbusho kimechimbwa ndani ya jiwe la matumbawe, karibu na pwani. Kila bamvua, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, maji hupanda kupitia sakafu, na masika huongezeka ya mvua. Kuta zilipigwa plasta ya saruji, nayo hufungia unyevu ndani. Chumvi inachanua na plasta inabanduka vipande vipande. Wapo wanaotushauri tufungue milango mchana. Hewa ya joto ikikutana na kuta baridi hugeuka matone, kwa hiyo ushauri huo umetuzidishia ukungu.

Stempu za makumbusho yetu za Disemba 1963, zile zilizopigwa chapa ya "Jamhuri 1964" mwezi uliofuata, gundi yake imelainika na zimegandana. Hazibanduliki bila kuchanika.

Tunaomba, Mheshimiwa: kwanza, shimo la kukusanyia maji lenye kina cha mita 1.5, pampu mbili za kuzamisha (moja ya akiba), boya la kuziwasha zenyewe, na valvu ya kuzuia maji kurudi. Pili, jenereta, kwani umeme hukatika mvua ikinyesha, wakati ule ule pampu inapohitajika. Tatu, saruji iparuliwe na kuta zipigwe chokaa iliyolowekwa vizuri, sehemu 1 kwa 3 za mchanga usio wa pwani. Baada ya hapo ndipo mashine ya kukausha hewa. Ikitangulia itakuwa inakausha bahari.

Pampu tuliahidiwa na wageni rasmi watatu waliokutangulia, na makofi tuliwapigia. Aliyekuwa wa mwisho alileta fulana, tunamshukuru. Beit al-Ajaib, jumba la makumbusho la Mji Mkongwe lililojengwa 1883, sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Disemba 2020. Hatungependa na sisi tuje kutembelewa kwa pole.

Fundi yupo hapa na vipimo anavyo. Tunakuomba, kabla ya chakula, ushuke ngazi pamoja naye. Viatu vya mpira tumeviweka mlangoni.

Naomba kuwasilisha.

Katibu wa Kamati